Mkono wa Soko

Juzi jirani yangu alikuwa amepiga magoti barazani akipaka sakafu ile nta nyekundu ya kopo, nami nikasimama kwenye ngazi na mifuko yangu ya sokoni, nikashindwa kupanda. Wenzangu mliokulia katika nyumba kuukuu za Bellevue, hapa Johannesburg, mnaijua harufu ile. Inapanda puani, inakaa kooni, na nguo ikishika wekundu wake haitoki hata uifue mara kumi. Jirani akaniuliza, "Dada, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa hata kidogo. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka tisa, nimekaa sakafuni kwa Oma, sketi imekuwa nyekundu nyuma, nasikiliza habari za kijiji cha Ujerumani ambacho sijakiona mpaka leo wala sina mpango wa kukiona.

Nyumba yetu zamani ilikuwa ya wakubwa. Ilikuwa na baraza pana, vioo vya rangi juu ya mlango, na dari ya bati iliyochorwa maua. Baadaye mwenye nyumba akaikata vipande kwa plaiwudi na kupangisha kila kipande. Wakongo walikaa palipokuwa sebule, mafundi wawili wa Kitanzania walikaa palipokuwa jiko, na sisi Warundi watatu, baba, mama na mimi, tulipewa chumba ambacho nadhani kilikuwa cha kuwekea masanduku. Dirisha lake lilitazama ukuta wa nyumba ya pili. Ukinyoosha mkono unagusa matofali. Kulikuwa na mlango wa pili wa kwenda chumba cha mbele, lakini ulikuwa umezibwa na kabati, na nyuma ya kabati hilo ndiko alikokaa Oma.

Jina lake halisi tuliliona kwenye barua tu. Yeye alitaka tumwite Oma, akatueleza kwamba kwao ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi. Alikuwa Mjerumani, mzungu wa mwisho mtaani kwetu, mwenye nyonga mbovu na mtoto mmoja wa kiume aliyehamia Australia. Alikuwa amepanga pale kabla nyumba haijakatwa, na hakuna aliyethubutu kumhamisha. Mama alimfulia na kumpakia sakafu nta, naye alimlipa pesa kidogo na mikebe mingi ya samaki. Ilikuwa miaka mitatu hajavuka lango. Mimi nilidhani wazungu wote wakizeeka hufungiwa ndani, kwamba ndiyo desturi yao.

Halafu yakaja majuma yale ya mwanzo wa baridi, wageni tulipokuwa tunasakwa na wenyeji nyumba kwa nyumba. Siwaelezi ninyi habari hiyo. Mlikuwepo, au mna mjomba aliyekuwepo. Nitasema tu jinsi ilivyoingia chumbani kwetu. Baba alikuwa na meza ya mikanda na chaja za simu Marshalltown, katikati ya jiji, mbele ya maofisi. Siku hiyo aliondoka asubuhi kama kawaida, na mchana akapiga simu kwamba meza imepinduliwa, mali yote imekwenda, na yeye amekimbilia Mayfair, mtaa wa Wasomali. Msomali mmoja aliyekuwa akisali naye Ijumaa alimpa nafasi ya kulala katika stoo ya duka lake, juu ya magunia ya mchele.

"Msitoke," akamwambia mama. "Na miye sirudi mpaka kutulie."

"Na kusipotulia?" mama akauliza, lakini salio lilikuwa limekwisha.

Mama akafunga mlango kwa ufunguo, kwa komeo, kisha akausukumia kitanda. Akaniwekea sheria. Kiswahili ni cha kunong'ona. Redio isiwashwe. Ndagala, wale dagaa wa kwetu, wasikaangwe, maana harufu ya ndagala ni pasipoti, ukiikaanga mtaa mzima unajua umetoka wapi. Na mtu akibisha, nijibu mimi. Mama alikuwa na maneno matano ya Kizulu, yote ya kuuliza bei, lakini mimi nililetwa nchi hii nikiwa mgongoni, na Kizulu nilikiokota uwanjani shuleni pamoja na chawa. Kwa hiyo watu walipopita koridoni wakigonga milango, mtoto wa miaka tisa alisimama nyuma ya kitanda akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba anaitwa Zanele na mama yake yuko kazini. Walipita mara mbili. Mara ya pili nilijikojolea, na nilipokuwa najikojolea sauti yangu haikutetemeka. Mama alinifuta miguu, akanibusu magoti.

Nataka mwelewe jinsi chumba kinavyopungua. Siku ya kwanza kilikuwa chumba. Siku ya tatu nilikuwa nimeshahesabu matofali ya ule ukuta wa dirishani, nikayapa majina, nikagombana nayo. Tulikula uji, tulijisaidia kwenye ndoo, mama akiimwaga alfajiri huku mimi nimesimama mlangoni nasikiliza. Nilimchukia mama kwa kupumua karibu nami. Nilimchukia baba kwa kulala juu ya mchele wote ule. Nilitamani hata shule, na mimi na shule tulikuwa hatuelewani.

Siku ya nne kabati likagongwa. Mama alinikumbatia tukaganda. Kisha tukasikia fimbo na sauti ya Oma kwa Kiingereza, "Sukumeni hiki kitu, mimi siwezi." Tulilisukuma, mlango ukafunguka, na harufu ya nta ikatujia yote kwa mpigo. Chumba cha Oma kilikuwa na choo chake, kilikuwa na jiko la umeme, na juu ya yote kilikuwa na dirisha linalotazama barabara. Nililia kwa sababu ya dirisha lile. Oma akafikiri nalilia njaa, akafungua mkebe wa samaki.

Tangu siku hiyo mchana wangu ukawa wa Oma. Mama alikuja kutumia choo na kupika, akarudi chumbani. Aliogopa dirisha kama mimi nilivyolipenda. Oma hakuwa na televisheni wala vitabu vya watoto. Alikuwa na kitabu kimoja kinene, kilichotungwa na mwalimu mstaafu wa kijijini kwao, historia nzima ya kijiji tangu jiwe la kwanza, chenye michoro kwa kalamu. Alikiweka mapajani na kunisomea kwa kukigeuza Kiingereza papo hapo, akiruka anapotaka.

Kwao, alisema, kuna kijiji na kuna mji, na katikati yake kuna mahali ambapo si kijiji tena wala hapajafika kuwa mji, kwa sababu mtawala wa zamani alipaandikia ruhusa ya kufanya gulio. Ruhusa yenyewe iliandikwa juu ya ngozi ya ndama, ikapigwa muhuri wa nta mkubwa kama kisahani. Mto ulipita chini ya nyumba. Mashua zilileta chumvi, na kupanda mto zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni. Vijana waliopanda farasi hao walikatazwa kujifunza kuogelea, wasije wakawa wepesi kuuacha mzigo ukizama. Sijui kama ni kweli. Mwalimu mstaafu aliandika hivyo, na Oma aliamini kila neno la mwalimu mstaafu.

Nilijifunza moto ulioteketeza nusu ya kijiji kwa sababu mwokaji mikate alisahau tanuri. Nilijifunza daraja lililochukuliwa na maji mara tatu. Palikuwa na mchoro wa ukuta wa kinu cha kusaga unga, na juu yake mistari mifupi, kila mmoja na mwaka wake, mmoja magotini mwa mlango, mwingine kiunoni, mwingine juu ya dirisha. Nilimwambia Oma kwamba yule mtoto alikua polepole sana. "Mtoto gani?" Nikamwonyesha: si mnampima ukutani, kama mama anavyonipima mimi kwenye fremu ya mlango? Oma alicheka mpaka akashika nyonga. Ilikuwa mistari ya mafuriko. Mimi nilikuwa nimeshamhurumia mtu aliyeishi miaka mia tatu na kufika urefu wa dirisha tu.

Lakini ukurasa nilioupenda, ule niliomsomesha tena na tena, ulikuwa wa mkono. Siku ya gulio, kengele ikilia asubuhi, mlinzi alitoka na mkono wa mbao uliopakwa rangi, umekamata upanga, akautundika juu ya mlango wa ofisi ya kijiji. Mkono ukishatundikwa, mgeni yeyote anaingia na bidhaa zake. Anaweza kuwa wa dini nyingine, anaweza kuwa haijui lugha, lakini hakuna wa kumgusa. Hakamatwi, hapigwi, hanyang'anywi. Na anayempiga mgeni chini ya mkono, wa kwake unakatwa. Jioni kengele ikilia, mkono unashushwa, wageni wanaondoka salama.

"Kweli hawapigwi?" nilimuuliza.

"Miaka mia tano," akasema Oma, na nikaona anavyoona fahari. "Miaka mia tano, mtoto wangu. Ndiyo sheria ya soko."

Mimi nilikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa kando ya barabara aliyepinduliwa meza. Mlitaka nifikiri nini? Nilifikiri kwamba hapa Johannesburg watu wamesahau tu kuutundika. Nilifikiri ni uzembe, kama robot za kona yetu, taa za kuongozea magari, zilizokufa tangu mwaka jana bila mtu kuzitengeneza. Niliwaza usiku na mchana kwamba mahali fulani kuna mlinzi mvivu.

Basi nikautengeneza. Oma alinipa glavu yake moja ya mpira, ya njano, ya kuoshea vyombo. Niliijaza soksi zake kuukuu za nailoni mpaka vidole vikasimama, nikaifunga kwa waya kwenye kipande cha ufagio. Upanga ukawa mwiko wa mama. Mama alipekua chumba kizima kwa ajili ya mwiko ule, mwishowe akasonga ugali kwa mpini wa kijiko, akilaani panya. Oma alidhani ni mchezo. Alinishikia waya mwenyewe, akaniambia gumba limekaa upande mbaya.

Siku ya kumi, mama alipokuwa akifua kwenye beseni la Oma, mimi nikafungua mlango wa mbele. Ni hatua kumi na mbili kutoka baraza mpaka lango. Baridi ilinikata masikio, anga lilikuwa kubwa mno, nikataka kukimbia na nikataka kukaa chini palepale. Niliutundika mkono kwenye nondo ya juu, ukiangalia barabara. Ng'ambo, Gogo Thoko, bibi wa mtaa mwenye spaza, alikuwa anafagia mbele ya duka lake. Aliniuliza kwa Kizulu kitu gani kile. Nikamwambia ni kazi ya shule. "Shule gani na mmefunga?" akasema, akaendelea kufagia.

Sasa nifike pale nisipopataka. Kila siku mchana baba alipiga simu. Mama aliongea naye kwanza, kwa kunong'ona, kisha baba alisema, "Mpe Zaina." Mimi ndiye niliyekuwa na dirisha. Mimi ndiye niliyesikia wanachosema wapita njia. Aliniuliza, "Mtaani vipi, mama?" Ndivyo alivyoniita, mama, kama baba zetu wanavyowaita binti zao. Nami nikampa taarifa kamili: spaza iko wazi au imefungwa, vijana wangapi kwenye pipa la moto pale kona, gari la polisi limepita au halikupita. Alikuwa ananiamini kama mtu mzima. Kila siku nilimwambia bado, naye akasema, "Bon, sawa. Tutavumilia."

Siku ya kumi na moja simu ililia mama amelala. Alikuwa na kichwa kinamuuma tangu asubuhi, amejifunika kanga gubigubi, ameelekea ukutani. Nikaipokea mimi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kalala. Kichwa."

"Weye hujambo? Mtaani vipi?"

Mlango wa kwa Oma ulikuwa wazi, na kupitia dirisha niliona lango na kidole kimoja cha njano. Niliwaona vijana pia. Walikuwa watano kwenye pipa. Sitasema sikuwaona.

"Kumetulia, Baba," nikasema. "Njoo. Nimeweka alama langoni, ya njano. Ukiiona hiyo umefika, hakuna wa kukugusa."

Nilisikia watu wakiongea Kisomali nyuma yake. "Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

"Bon. Nakuja."

Nilikaa dirishani kwa Oma kuanzia saa saba. Oma alikuwa anasinzia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, nasema kweli, siku ya harusi yangu sikufurahi vile. Saa tisa na kitu nikamwona baba anatokea juu ya mteremko, amevaa koti la mtu, amebeba mfuko wa plastiki wenye mkate na maziwa. Alikuwa amepita mji mzima kwa miguu, alikuwa amepita mahali pabaya kuliko petu, na hakuna aliyemgusa. Alikuwa anatembea haraka, ameinamisha kichwa. Alipokaribia akapunguza mwendo. Akainua uso, akaanza kutazama malango, moja baada ya jingine. Alikuwa anatafuta alama yangu.

Hapo ndipo walipomwona. Mtu anayetafuta nyumba si mtu wa mtaa. Mmoja akatoka kwenye pipa akamuuliza kitu, baba akajibu, na jibu lake likawaleta wale wanne wengine. Sikusikia maneno. Niliona mkate ukianguka. Niliona koti likivutwa mpaka likafunika kichwa chake, kisha sikumwona baba tena, niliona migongo yao tu. Nilipiga kioo kwa viganja vyote viwili nikipiga kelele, na nikapiga kelele kwa Kiswahili, sheria zote zimenitoka. Oma akaamka. Alinishika kiunoni akanivuta nyuma, akavuta pazia.

Aliyemwokoa baba ni Gogo Thoko. Alitoka dukani na ufagio wake akipaza sauti, "Myekeni! Myekeni!" Mwacheni, mwacheni. Aliwapiga kwa ufagio kama watoto wake, akawataja kwa majina yao na majina ya mama zao. Wakamwacha. Yeye na mafundi wa Kitanzania wakamwingiza ndani wakamlaza kitandani. Mguu wa kulia ulikuwa umegeuka upande usiofaa, na mdomo hakuweza kuufunga.

Mama hakulia. Alilowesha kanga, akawa anamfuta damu, na akauliza mbele ya watu wote waliojaa mle chumbani, "Nani kakwambia uje?"

Baba alifumba macho.

"Nakuuliza, Baba Zaina. Nani kakwambia uje?"

Nilikuwa nimesimama pembeni ya kabati. Baba alifumbua macho akanitafuta, akanipata, akaniangalia muda ambao kwangu mimi haujaisha. Kisha akasema, maneno yakitoka vibaya kwa sababu ya ule mdomo, "Hakuna mtu. Niliwakumbuka tu."

Mama akauliza mara ya tatu. Akajibu vilevile.

Kesho yake, baba akiwa hospitali, nilikwenda kwa Oma nikamtupia kitabu chake sakafuni. Nilimwambia ni mwongo. Alisema hawapigwi, na baba yangu amepigwa hatua hamsini kutoka langoni. Ndipo alipoelewa ile glavu ilikuwa ya nini. Alikaa kwenye kiti chake akawa mweupe kuliko weupe wake. Sikumhurumia.

Akaniambia niokote kitabu. Nikakataa. Akasema basi nisikilize. Kijijini kwao palikuwa na mtu aliyeuza vifungo na riboni, yeye, na baba yake, na babu yake kabla yake, kila gulio, Wayahudi kutoka mji wa jirani. Baadaye walihamia palepale kijijini, wakafungua duka mkabala na nyumba ya kina Oma. Oma alikuwa na miaka saba. Jioni moja ya vuli, Wayahudi walipokuwa wanasakwa nchi nzima, watu walikuja na kuvunja vioo vya duka, wakamtoa muuza vifungo nje na mke wake, na watu hao hawakuwa wageni, Oma aliwajua kwa majina. Aliona yote dirishani, mpaka mama yake alipovuta pazia.

"Na mkono?" nikauliza.

"Ulikuwa kwenye makumbusho ya kijiji. Ndani ya kabati la kioo."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kitabu hakisemi," akajibu Oma. "Mwalimu anamaliza habari za reli, anaanza habari za vita. Hapo katikati hakuna ukurasa. Mimi nilikusomea nilichopenda kusoma."

Nilitoka, nikalirudisha kabati mahali pake nikisaidiwa na ghadhabu, maana nguvu sikuwa nazo. Hatukulisogeza tena. Miezi michache baadaye mtoto wake alikuja kutoka Australia kumchukua, Oma akaniita kuniaga, sikuenda. Nimejutia jambo hilo, lakini si kila siku.

Baba alipona, mguu ukabaki mfupi. Tulihamia Mayfair, akaanza upya na meza mbele ya duka la yule Msomali, akawa anauza amekaa. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Wala mimi sikuwahi kumwomba radhi, kwa sababu kumwomba radhi kungekuwa kuifungua ile kauli yake, na yeye alikuwa ameifunga kwa ajili yangu. Kila alipopanda ngazi nilihesabu hatua zake, moja nzito, moja nyepesi. Nikiwa na miaka kumi na tano nilifanya mambo mengi ya kijinga ili wanipige, hawakunipiga. Nimeishi ndani ya sentensi ile ya baba muda mrefu kuliko nilivyoishi katika chumba kile cha Bellevue, na haikuwa na dirisha.

Baba amefariki mwaka huu, kwa sukari. Baada ya arobaini yake, na baada ya ile nta ya jirani, nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa mama. Nilimkuta jikoni anachambua lengalenga, mchicha wa kwetu. Nikakaa mkabala naye, nikamwambia yote kwa pumzi moja: simu, alama, vijana watano niliowaona nikanyamaza. Nikamwambia, "Baba alinificha, Mama. Ni miye niliyemwambia aje."

Mama hakuinua macho. "Najua," akasema.

"Alikwambia?"

"Hakuniambia kitu, mpaka amekufa. Nilikuwa macho, Zaina. Simu ile ilikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Nilisikia yako na nilisikia yake."

Nikamuuliza, "Mbona hukuninyang'anya simu?"

Alivunja bua moja, akatupa majani bakulini. "Siku kumi na moja. Nilikuwa namtaka mume wangu. Nilijua hakujatulia, na miye kumwita nisingethubutu. Nikasema moyoni, mtoto akimwita, si miye niliyemwita." Akachukua bua jingine, hakulivunja. "Na alipoletwa vile, nikamuuliza mbele za watu nani kakwambia uje. Unadhani kwa nini nilimuuliza mara tatu? Nilitaka akutaje. Angekutaja ningekupiga mbele yao, yakaisha. Hakukutaja."

Maji ya ugali yalikuwa yameanza kuchemka. Hakuna aliyeinuka. Nilimwangalia mama yangu, nikalivuta bakuli upande wangu, tukawa tunachambua wawili.